Namna ya Kumuenzi Mhandisi Aliyekuja Kutoka Mbali: Mwongozo kwa Familia na Vijiji vya Nyanda za Juu Kusini

Maji yanayoanzia katika milima ya Uporoto na Kipengere hukusanyika kwenye bonde la Usangu, yakaingia Mto Ruaha Mkuu, yakapita Mtera na kufika Kidatu, ambako huzungusha mashine nne zenye uwezo wa jumla wa megawati 204. Aina ya mashine hizo huitwa Francis, na jina hilo hutamkwa karakanani kama mtu atajavyo spana au nyundo, bila msemaji kukumbuka kwamba lilikuwa jina la binadamu. James Bicheno Francis alizaliwa Uingereza mwaka 1815, akavuka bahari kwenda Marekani mwaka 1833 akiwa kijana asiyetimiza miaka ishirini, na mwaka uliofuata akapata kazi Lowell, mji wa viwanda vya nguo katika jimbo la Massachusetts, kwa kampuni iliyosimamia mifereji ya maji yaliyoendesha viwanda hivyo. Mwaka 1837 alifanywa mhandisi mkuu, na mji huohuo ndio uliomzika mwaka 1892.

Huyo amebakiwa na jina lakini mwenye jina amesahauliwa. Kwetu mara nyingi huwa kinyume chake: mtu anakumbukwa kwa upendo, ila kazi yake haielezwi hata kwa sentensi moja. Katika wilaya za Njombe, Ludewa, Mufindi na Rungwe wapo wazee waliotoka Italia, Ujerumani, India na kwingineko, wakajenga mabanio, yaani kuta za kuzuia maji mtoni, mashine za kusaga na mitambo midogo ya umeme wa maji, na siku ya msiba husomwa kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu, mpenda watu na mcheshi. Yote huenda ni kweli, lakini yangeweza kusomwa juu ya jeneza la mtu yeyote. Mwongozo huu unahusu namna ya kumuenzi mtu wa aina hiyo kwa kuieleza kazi yake sawasawa na kuiacha ikiendelea kufanya kazi.

Nimeshiriki shughuli kama hii mara mbili, na ya kwanza tuliiharibu. Tulipaka rangi ubao mkubwa ulioandikwa kwamba marehemu ndiye "mvumbuzi wa umeme wa kijiji chetu", na siku ya kuuzindua, mzee mmoja aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi akauliza kwa sauti ya upole, "Alivumbua nini hasa?" Hakuna hata mmoja wetu katika kamati aliyeweza kumjibu. Masika ya pili hayakwisha kabla rangi haijabanduka, na nadhani sote tulishukuru kimoyomoyo.

Anzeni kwenye mtambo, si kwenye kikao

Kabla ya kuunda kamati na kuandika bajeti ya chakula, nendeni mkaione kazi yenyewe. Wakati mzuri ni kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na njia za kwenda mtoni zikipitika, ingawa anayekwenda Makete au Njombe asubuhi ya Juni au Julai avae koti zito, kwa kuwa huko umande huganda juu ya majani. Fuateni njia ya maji tangu mwanzo hadi mwisho: banio mtoni, mfereji, tangi la juu la kutuliza maji na kuchuja takataka, bomba la kushuka, nyumba ya mtambo, na mahali ambapo maji yanarudi mtoni. Anayeandika wasifu wa mhandisi bila kuitembea njia hiyo kwa miguu yake ataandika mambo ya kusikia tu.

Katika kila kituo andikeni ni kipi kilinunuliwa na ni kipi kilitengenezwa hapohapo. Jenereta kwa kawaida huwa na kibati cha kiwanda chenye namba, mwaka na uwezo wake, kwa hiyo hicho kinakiliwe neno kwa neno. Gurudumu la tabaini, yaani lile linalosukumwa na maji, likiwa limekatwa kwa mkono na kuchomelewa, utaliona kwa mistari ya welding isiyolingana, na hapo ndipo mkono wa marehemu ulipo. Tazameni pia zege la banio na kuta za tangi, kwa sababu mafundi wengi hupenda kuchora mwaka kwa kijiti saruji ikiwa mbichi, na mwaka huo huaminika kuliko kumbukumbu za watu watatu waliokaa chini ya mti. Pigeni picha mkiweka rula au futi kamba kando ya kila kifaa, ili atakayeitazama baada ya miaka thelathini ajue ukubwa wake. Wala mtu asisogeze shuka, skafu au mkono karibu na mkanda au mhimili unaozunguka. Mtambo mdogo unaua sawa na mkubwa.

Kazi inayofuata inaonekana kama somo la fizikia kuliko maandalizi ya kumbukumbu, lakini kwa maoni yangu ndiyo heshima kubwa kuliko zote: pimeni nguvu ya mtambo. Francis aliacha kanuni ya kupima maji yanayopita juu ya ubao uliokatwa pengo la mstatili, na kanuni hiyo inafundishwa hadi leo katika vyuo vya ufundi. Zibeni kijito au mfereji kwa ubao wenye pengo la upana unaojulikana, maji yote yapite ndani ya pengo hilo na kuanguka huru upande wa pili. Kisha pimeni kina cha maji juu ya ukingo wa pengo, si palepale yanapoanguka, kwa maana hapo uso wa maji huwa umekwisha kuinama, bali nyuma kidogo, umbali usiopungua mara nne ya kina chenyewe. Vipimo viwe vya mita. Chukueni upana, mtoe sehemu mbili za kumi ya kina, mzidishe kwa kina, mzidishe tena kwa kipeuo cha pili (square root) cha kina hichohicho, na mwisho mzidishe kwa 1.84. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde.

Tuseme pengo lina upana wa mita 1 na kina cha maji ni sentimita 20. Hesabu itatoa mita za ujazo 0.158, yaani lita 158 kwa sekunde. Tuseme tena kwamba kutoka uso wa maji ya tangi la juu hadi kwenye mashine ni mita 20 za wima. Zidisheni 0.158 kwa 20 na kwa 9.81, mtapata kilowati 31 zilizomo ndani ya maji yenyewe. Lakini bomba, tabaini, mkanda na jenereta kila kimoja hula sehemu yake, na mtambo mdogo wa kijijini ukifikisha asilimia 65 umejitahidi, kwa hiyo zinazobaki kwa ajili ya taa na mashine ni kilowati 20 hivi. Waachieni vijana wa sekondari ya kata au wa chuo cha VETA wafanye kazi hii wao wenyewe. Atakayemaliza hesabu hiyo miguu ikiwa majini atakuwa amemfahamu marehemu kuliko aliyesikiliza hotuba kumi.

Alivumbua, alibuni, alirekebisha au alisimika?

Swali la yule mzee msaidizi lina jibu, ila lazima litafutwe. Kiswahili kimetupa vitenzi vya kutosha, na kila kimoja kina mzigo wake. Aliyevumbua ametoa kitu ambacho hakikuwapo mahali popote. Aliyebuni amepanga umbo jipya kwa mahitaji ya mahali fulani, hata kama kanuni ni ya zamani. Aliyerekebisha amechukua mashine ya mwingine akaifanya iwe bora zaidi, na aliyesimika ameileta, akaifunga na kuiwasha. Hakuna aibu katika kitenzi chochote kati ya hivi. Francis mwenyewe hakuanza na karatasi tupu: alipofika Lowell alikuta watu wakishughulika na tabaini, akaifanyia kazi mashine ya mhandisi Uriah Boyden, na katika miaka ya mwisho ya 1840 akaendeleza ile ambayo maji huingia kutoka pembeni yakielekea katikati. Kilichomtofautisha ni kwamba alipima badala ya kukisia, na mwaka 1855 akachapisha vipimo vyake ili wengine wavitumie.

Kama inasemekana marehemu alikuwa na hataza, yaani hati ya kisheria ya kulinda uvumbuzi, iulizieni. Kwa Tanzania Bara hataza husajiliwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na Tanzania ni mwanachama pia wa ARIPO, shirika la kikanda la hataza lenye makao yake Harare. Hataza huko alikotoka huandikwa kwa jina lake la kwao, pengine kwa tahajia ambayo kijijini haijulikani, kwa hiyo anzeni na pasi yake ya kusafiria. Mkikosa hati yoyote, msihitimishe kwamba hakuvumbua. Wengi walioishi vijijini hawakuona haja ya kulipia ada za usajili kwa kifaa kilichowafaa majirani zao bure. Andikeni tu kile mlichokiona na kitenzi kinachostahili.

Mfano mzuri wa kueleza uvumbuzi bila kuupamba ni habari za Jan Ernst Matzeliger. Alizaliwa Suriname mwaka 1852, akahamia Marekani, akafanya kazi katika viwanda vya viatu vya Lynn, si mbali na Lowell. Mwaka 1883 alipata hataza ya mashine ya kuvuta ngozi ya juu ya kiatu na kuifunga kwenye kalibu, kazi iliyokuwa ya mkono na iliyochelewesha kila kitu kilichofuata. Fundi hodari wa mkono alimaliza jozi zipatazo 50 kwa siku, na mashine yake ikavuka 150. Mwaka 1991, zaidi ya miaka mia moja baada ya kifo chake, Marekani ilitoa stempu yenye picha yake. Tazameni jinsi sentensi ile ya jozi 50 na 150 ilivyomaliza kazi yote; neno kama "mleta mapinduzi" lingeongeza nini?

Mgeni, mhamiaji, mlowezi

Huku kwetu maneno haya hayabadilishani nafasi ovyo. Mlowezi, katika masikio ya watu wa Iringa na Mufindi, ni mtu aliyekuja na kupewa ardhi chini ya utawala wa wakoloni, ardhi ambayo ilikuwa na wenyewe. Eneo ambalo kichwa cha Mkwawa kilichukuliwa mwaka 1898 na kurudishwa Kalenga mwaka 1954 haliwezi kulitumia neno hilo kama pambo. Ikiwa marehemu alikuja wakati huo na kwa njia hiyo, iandikwe hivyo, kisha iandikwe pia aliyoyafanya. Ikiwa alikuja kama mtumishi wa misheni au mtaalamu wa mradi aliyelipwa mshahara, akaishia kuoa, kulima na kuzeekea hapa, nalo liandikwe, pamoja na mwaka aliofika, nani alimwajiri, na kama alichukua uraia. Habari za kibali na uraia hupatikana katika makaratasi ya nyumbani, kwenye lile sanduku la bati chini ya kitanda; ombeni ruhusa ya mjane au watoto kabla ya kulifungua.

Kosa jingine, nalo limeenea zaidi, ni kumwandika mgeni kana kwamba alikuta kijiji kimelala akakiamsha. Mfereji wa kilomita moja na nusu haukuchimbwa na mtu mmoja. Kuna waliobeba mabomba mabegani kutoka barabarani, kuna aliyemwonyesha mto usiokauka Oktoba, na kuna mama aliyempikia miaka yote aliyoishi kwenye kibanda cha mabati. Majina ya hao yatafutwe, na ya wale wanaokubali, au ambao familia zao zinakubali, yaingie katika maandishi pamoja na la kwake. Pale Gongo la Mboto, Dar es Salaam, wamezikwa wataalamu wa Kichina zaidi ya 60, wengi wao waliofariki kwa ajili ya reli ya TAZARA, ile iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na ambayo kipande chake kigumu kuliko vyote kilikuwa kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako. Kila mmoja ana kaburi lake na jina lake. Ni vema kujiuliza majina ya vijana wetu waliofanya kazi bega kwa bega nao yameandikwa wapi.

Mazungumzo na wazee yana adabu yake. Asubuhi ndiyo saa yake, hasa miezi ya mvua ambapo ulanzi, pombe ya mianzi, unagemwa vizuri na alasiri kila mzee huwa mhandisi mkuu wa mradi. Iringa na Njombe ukifika anza na "kamwene", ukae, uulize habari za mahindi na za wagonjwa, ndipo useme lililokuleta. Sukari na sabuni si hongo. Mzee akistarehe zaidi kwa Kibena, Kikinga au Kihehe, mwache aseme kwa lugha hiyo na mjukuu wake atafsiri baadaye, maana majina ya sehemu za mtambo mara nyingi yalizaliwa katika lugha hiyo. Usiulize "Alikuwa mtu wa namna gani?" kwa sababu utajibiwa "Alikuwa mtu mzuri." Uliza siku bomba lilipopasuka walifanya nini, ni chombo gani hakumruhusu mtu mwingine kukishika, alikasirishwa na nini, na watu walimpa jina gani la utani. Omba ruhusa ya kurekodi, na rekodi hiyo mpe nakala mwenye sauti.

Wasifu na kibao

Wasifu utakaosomwa usizidi dakika saba. Kuzaliwa, shule na watoto vipewe aya moja fupi, kisha muda uliobaki uwe wa kazi. Sentensi ya kwanza ya sehemu hiyo iwe kama hii: "Marehemu alijenga banio lenye upana wa mita nne, ambalo leo hii linapitisha lita 158 za maji kila sekunde, na maji hayo ndiyo yanayowasha taa za zahanati tuliyozaliwa wengi wetu." Yaliyoshindikana nayo yatajwe, kwa mfano tabaini ya kwanza iliyovunjika vikombe au mfereji uliobomolewa na mafuriko ukajengwa upya, kwa kuwa mhandisi bila mitambo iliyomshinda hajapata kuwapo. Nakala ipelekwe kwa ndugu zake wa ng'ambo ikiwa na tafsiri, wairekebishe majina na miaka kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu kibao nina machache. Rangi juu ya mbao haivumilii ukungu na mvua za Njombe au Rungwe. Chongeni maandishi kwenye jiwe au myachore kwenye saruji, au mtumie bati nene la shaba lililofungwa kwa skrubu zisizoshika kutu. Kikiwa kwenye ardhi ya kijiji, ombeni idhini ya serikali ya kijiji kwa barua na muhtasari wa kikao, na kikiwa kwenye eneo la shirika, kanisa au reli, idhini itoke huko. Maneno yasizidi arobaini: jina kama lilivyo kwenye pasi, jina la utani kama familia inaridhia, alikotoka, mwaka aliofika, kitenzi sahihi, kipimo cha mtambo, na "pamoja na" ikifuatiwa na majina ya wenzake.

Francis ana kumbukumbu nyingi Lowell. Hata kitivo cha uhandisi cha chuo kikuu cha huko kina jina lake. Lakini iliyo bora aliijenga mwenyewe. Mwaka 1850 alitengeneza lango kubwa la mbao la kuzuia mafuriko juu ya mfereji mkuu, likaning'inia tu, watu wakalicheka na kuliita upuuzi wa Francis. Miaka miwili baadaye mto ukafurika, lango likashushwa, na mji ukaokoka. Mwaka 1936 mafuriko makubwa yakaja tena na lango likashushwa mara nyingine, mwenyewe akiwa kaburini kwa miaka 44.

Baada ya wageni kuondoka

Fedha zilizobaki za shughuli zisigawanywe, zifunguliwe mfuko wa beringi, grisi na mikanda, kwa sababu mtambo uliosimama wenye kibao kizuri mlangoni ni dhihaka. Chanzo cha maji kipandwe miti ya asili inayokubaliana na maji, si milingoti (mikaratusi), na kumbukeni kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au bwawa. Wanaolima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, karibu na banio wazungumzwe nao mapema na kwa heshima, kwani nao wana watoto wa kulisha. Michoro na barua zipigwe picha, nakala moja ibaki kwa familia, moja ofisi ya kijiji, na nyingine waulizwe makumbusho ya Iringa Boma au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kama wangependa kuihifadhi.

Mwisho, nunueni daftari gumu la kuwekwa ndani ya nyumba ya mtambo. Ukurasa wa kwanza ubandikwe wasifu, na kurasa zinazofuata zichorwe mistari ya tarehe, kina cha maji, volti, na jina la fundi wa zamu. Lifungwe kwa kamba ukutani mbali na bomba, na kalamu iwe ya risasi, maana wino huyeyuka kwa unyevu.